Siku Tulipoifungua Ridhaa

Katika karakana yetu ya kompyuta pale Iringa, msimbo wako haukubaliki mpaka mtani wako autukane. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Waasisi waliona kwamba rafiki akikukagulia kazi anakuonea haya, mkubwa wako akikukagulia unatetemeka, na mtu asiyekupenda akikukagulia mnaishia kwenye ugomvi. Mtani peke yake ndiye anayeweza kukwambia kazi yako inanuka, nawe ukacheka, kisha ukaenda kuirekebisha. Kwa hiyo Mnyamwezi hukaguliwa na Mzaramo, Mngoni hukaguliwa na Mhehe, na mimi, Vaileth Kihwele, Mhehe wa Kalenga, nilikuwa nimeangukia mikononi mwa Elieza Ndahani, Mgogo wa Mpwapwa, mtu mrefu asiyejua kazi ya kitana.

Asubuhi ile alikuwa amekalia meza yangu, viti vipo, akiusoma msimbo wangu uliotandazwa ukutani.

"Binti Kihwele," akasema, "hii umeandika mwenyewe, au umemwachia yule mbwa mliyesahau kumla?" Wagogo hututania Wahehe kwamba tunakula mbwa.

"Soma mpaka mwisho. Najua njaa ya kwenu inakukosesha subira, lakini mlenda utaukuta."

"Nimesoma mpaka mwisho. Naikataa."

Alisema bila kutabasamu, na mtani asipotabasamu ujue mambo yamekuwa mazito. Alasiri ya siku ileile mama yangu alikuwa anaingizwa chumba cha upasuaji, na msimbo ule aliokuwa anaukataa ndio ulikuwa njia pekee ya kumuuliza kama anataka.

Maktaba yetu ya msimbo inaitwa Milulu, jina la yale majani ambayo bibi zetu walisukia vikapu. Kila utando unaouona nchini, kile kioo laini cha kusomea na kugusa, uwe umebandikwa mkononi mwako, ukutani au mlangoni, vitufe vyake vimesukwa kwa Milulu. Hapo nyuma kila jalizi ya maktaba hiyo, yaani kila kipande kilicho tayari kama kalenda, kitufe cha mlango au orodha ya dukani, ilikuwa sanduku lililopigiliwa misumari. Unalichukua lilivyo au unaliacha. Kazi yangu na Ndahani ilikuwa kung'oa misumari. Tulitaka mtu yeyote aweze kuirithi jalizi, abakize anachokipenda, abadili asichokipenda, na jalizi mpya inayozaliwa hapo, yaani mtoto wake, nayo irithiwe na wengine.

Sijui niwaelezeje utamu wa kazi ile. Tulifungua kalenda, na kabla hatujamaliza kupongezana watu wa Mafinga walikuwa wameshaizalisha kalenda inayojua misimu ya viazi. Tulifungua kitufe cha mlango, viziwi wa Songea wakakifundisha kusoma ishara za mikono. Kila asubuhi nilikuwa nafika karakana mbio, sijanywa hata chai, nione wamezaa nini tena. Wajukuu wa jalizi zetu walikuwa wanafanya mambo ambayo sisi wazazi hatukuyaota.

Tulifungua zote isipokuwa moja, na hiyo moja ilikuwa Ridhaa.

Ridhaa ndiyo inayokuuliza "Umekubali?" kabla hujauza shamba, hujafunga ndoa, hujapasuliwa. Inakusomea jambo lenyewe kwa maneno mepesi, kisha inasubiri sauti yako au kidole chako. Isipopata hata kimojawapo inamwita mlezi wako, naye anajibu kwa niaba yako, na jibu lake linahesabika kuwa ni lako. Mama yangu, Skolastika, hakuwa tena na sauti wala kidole. Kiharusi kilikuwa kimemkumba shambani wakati wa kupanda mahindi, kikambakizia macho, nyusi, na akili yake yote. Mlezi wake kisheria alikuwa kaka yake mkubwa, mjomba Kastori. Mjomba alikuwa amekubali mama atiwe daraja, nyuzi laini zinazopitishwa ndani ya ubongo ili kurudisha usemi. Wengine waliotiwa walirudi wakiongea. Wengine walirudi hawamjui mtoto wao, na wachache hawakurudi kabisa.

Mimi nilijua mama angekataa. Huyu ni mwanamke aliyewahi kukaa na jino bovu tangu mvua hadi mvua, analituliza kwa karafuu, kuliko kumkabidhi daktari koleo. Isitoshe, nilikuwa nimemuuliza mwenyewe kitandani, "Mama, unataka wakupasue?" naye akainamisha macho. Nilitoka pale nalia.

"Nimeifungua Ridhaa sehemu moja tu," nikamwambia Ndahani. "Pale inaposikiliza jibu. Mtoto wake atasikiliza macho na nyusi badala ya sauti. Mengine yote yanabaki kama ya mzazi. Ubaya wake uko wapi?"

Alivuta msimbo wangu upande wake, akairithi Ridhaa yangu palepale, akaandika mistari isiyozidi vidole vya mkono mmoja, kisha akautupia utando wangu matokeo. Maandishi yakatokea juu ya kiganja changu: *Vaileth Kihwele, umekubali kumpa Elieza Ndahani shamba la babu yako lililoko Kalenga?*

Sikusema neno, wala sikugusa kitu. Utando ukasubiri kidogo, kama mtu anayetafakari, halafu ukaandika *Ndiyo*, na muhuri wa taifa ukakaa chini yake.

"Nimeiita Ndiyo-Tu," Ndahani akasema. "Umeniruhusu nibadili namna ya kusikiliza. Mimi nimeamua isisikilize. Shamba zuri, ahsante, nitalima uwele."

"Hayo ni majaribio."

"Leo majaribio. Keshokutwa anaichukua mwenye nyumba, anaibandika mlangoni, kila mpangaji anakuta amekubali kuhama. Anaichukua mume fulani. Binti Kihwele, ile misumari haikupigiliwa na wajinga."

Nilitaka kumpiga na kikombe. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Nikiiacha Ridhaa imefungwa, mama anapasuliwa kwa mdomo wa mtu mwingine, yeye na kila bubu na kila aliyepooza nchini. Nikiifungua, nchi nzima yenye sauti zake inaweza kunyang'anywa jibu. Nilizunguka ile meza nikiwa natafuna ukucha. Nje jua lilikuwa limeshapanda.

"Wewe ulilala kaburini," nikasema.

"Nini?"

"Msiba wa baba. Ulivaa suti, ukaingia kaburini, ukalala chali."

Aliikumbuka, akacheka. Baba alipofariki Wagogo wa karakana walikuja kufanya utani wao, na wakati jeneza linaletwa Ndahani akajitumbukiza shimoni, akadai marehemu amezoea kulala peke yake na leo atalala na Mgogo. Wazee wakambembeleza. Mama, ambaye alikuwa hajafumbua kinywa tangu msiba uingie, alicheka mpaka kanga ikamdondoka.

"Kaka zangu walikuwa na nguvu za kukutoa," nikasema. "Mbona hawakukutoa?"

"Nani amtoe mtani? Jeneza linasubiri mpaka mtani atoke kwa hiari yake."

"Hata wenye msiba hawawezi?"

"Wenye msiba ndio hawawezi kabisa."

Tukatazamana. Nadhani wazo lilitufikia pamoja, maana aliteremka kwenye meza yangu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Kila mtoto wa Ridhaa azaliwe na mlango asioweza kuufunga," nikasema, na maneno yalikuwa yanagongana mdomoni. "Anayemwandika mtoto anabadili atakalo, lakini mlango huo haumhusu. Kabla jibu halijapelekwa, mtu wa ukoo mwingine kabisa anaingia hapo, anauliza swali lake, na mwandishi hajui litakuwa swali gani."

"Huyo ni mtani, na anauliza jambo ambalo kila mwenye akili timamu atalikataa."

"Ndiyo-Tu itaitikia."

"Itaitikia kwamba inakula mbwa," Ndahani akasema, na macho yakamng'aa. "Itanaswa hapohapo. Asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake haipokelewi."

Tuliandika kama watu wanaofukuzwa. Mimi nikasuka mlango, yeye akawa anajaribu kuupenya. Kwanza aliuficha mlango nyuma ya mtoto mwingine, akapita. Nikaziba. Akamzalisha mtoto asiyemwita mzazi wake mwishoni, jibu likapita bila kukaguliwa. Nikaifanya Ridhaa isigonge muhuri mpaka mtoto amrudishie mzazi neno la mwisho. Kila alipopenya alinitukania ukoo wangu hadi babu wa babu, nami nikamkumbusha kwamba kwao wanaomba hata mvua kwa jirani. Wenzetu waliacha kazi zao wakaja kusimama nyuma yetu. Mara ya mwisho alijaribu, akajaribu tena, akaishia kukuna kichwa. Nilisikia mtu anapiga makofi, kumbe ni mimi.

"Sijaikubali kwa nchi nzima," akasema, akichukua koti lake. "Naikubali kwa mtu mmoja, leo, mimi mwenyewe nikiwepo kama mtani. Nikiridhika ndipo tutaifungulia nchi. Twende."

*

Mama alikuwa amelazwa karibu na dirisha, amefunikwa shuka la kijani, nywele zimeshanyolewa upande mmoja. Kuona ule upara kulinipandisha hasira upya. Mjomba Kastori alikuwa ameketi pembeni yake, kofia magotini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unakuja na mashine ya kunipokonya dada yangu."

"Si kukupokonya, mjomba. Ni ya kumuuliza."

"Mimi nimemuuliza Mungu," akasema. Hakusema kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu, na nikaona kwamba yeye naye hakuwa amelala.

Daktari alikuja pamoja na muuguzi, sista Editha. Akausoma muhuri wa karakana, akamkagua Ndahani na nywele zake, akasema sheria iko wazi. Ridhaa ikijibiwa na mwenyewe, jibu la mlezi linafutika. Lakini chumba cha upasuaji kilikuwa tayari, kwa hiyo tufanye haraka.

Nilibandika utando mwembamba kwenye paji la uso wa mama, na mwingine ukutani ili wote wasome. Mtoto wangu wa Ridhaa nilikuwa nimemwita Nyusi. Mama akiinua nyusi ni ndiyo, akiinamisha au kufumba macho ni hapana. Majibu niliyawekea kufuli ya majaribio, yaani nayaona mimi kwanza kwenye kiganja changu, kisha nayaachilia yaende ukutani na hospitalini.

Ndahani alisogea kitandani, akapiga goti moja.

"Kamwene, mama," akamwamkia kwa Kihehe kibovu. "Mimi ni yule aliyelala kwenye kaburi la mzee. Nimetumwa nikuulize. Yule mbwa mliyemla Jumapili, alikuwa mtamu?"

Macho ya mama yakainama. Kiganja changu kikaandika *Hapana*, nami nikaiachilia upesi. Neno lile lilipowaka ukutani sista Editha alicheka akaziba mdomo, na hata mjomba akatikisika mabega kwa kicheko. Mimi nilihisi kama nimepanda mlima kwa pumzi moja. Mama yangu alikuwa amejibu. Tangu mahindi yapandwe, hilo lilikuwa neno lake la kwanza mbele za watu.

"Mtani ameridhika," nikasema. "Daktari, sasa tumuulize lile la—"

"Nani amekwambia nimeridhika?" Ndahani hakugeuka. "Mama, huyu binti mwenye haraka, umemzaa wewe?"

Macho yakainama. *Hapana*.

Nilikitazama kiganja changu. Sikutaka kuiachilia, lakini chumba kizima kilikuwa kinanisubiri, nikaiachilia.

Hakuna aliyecheka. Mjomba Kastori akainuka, akausogelea ukuta kana kwamba hasomi vizuri.

"Vai," akasema polepole, "mashine yako inajua neno moja tu. Neno unalolitaka wewe."

"Inawezekana kuna hitilafu ya mwanga, au—"

"Hitilafu ya mwanga." Alirudi kitandani, akaushika mguu wa mama kupitia shuka. "Mtazame mama yako, usiitazame mashine. Hajamaliza. Skola hajamaliza kujibu."

Nikamtazama. Nyusi za mama zilikuwa juu, zimepanda mpaka zimekunja ngozi ya paji, zinashuka na kupanda tena, na macho yake yamenikodolea mimi.

"Bibi yenu alitulea hivyo," mjomba akasema. "Ukiulizwa jambo na mtu, huropoki ukiwa umemtumbulia macho. Unainamisha kwanza, ndipo ujibu. Ukijibu upesi unapata kofi. Sisi wote tuko hivyo mpaka leo, na wewe umekua unaona."

Nilikuwa nimekua ninaona. Na siku ile nilipomuuliza mama kitandani, macho yalipoinama tu, niligeuka nikatoka na machozi yangu. Sikusubiri. Halafu nikaenda karakana, nikaiandika harakaharaka yangu kuwa msimbo. Ndahani alikuwa ameunda Ndiyo-Tu kwa mzaha, na mimi nikaunda Hapana-Tu kwa upendo. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Usinitetee," nikamwambia Ndahani.

"Sijafikiria kukutetea. Kaa chini urekebishe."

Daktari akatazama mlangoni. Sista Editha akamwambia kitu kwa sauti ndogo, akatoka, akarudi akasema chumba kitasubiri kidogo, lakini si mpaka kesho. Nikaketi sakafuni, mgongo ukutani, utando magotini.

Na hapo nikaonja matunda ya kazi yetu wenyewe. Kwa Milulu ya zamani ningelazimika kuibomoa Nyusi yote na kuanza upya, na alasiri ingepita. Sasa nilimrithi Nyusi mwenyewe, nikamzaa mjukuu, nikabadili sehemu moja ndogo. Macho yakiinama, ngoja. Yakiinuka tena, hapo ndipo usome. Nyusi zikipanda ni ndiyo. Kope zikifumbwa kwa nguvu ni hapana. Usipoelewa, usibahatishe, sema hujasikia, uombe arudie. Mlango wa mtani sikuugusa, na hata ningetaka nisingeweza. Kichwa kilikuwa chepesi, na kila mstari ulikaa mahali pake kama unapajua.

"Tayari."

Ndahani akapiga goti tena. "Mama, utanisamehe, akili za binti yako zinakuja kwa zamu. Yule mbwa alikuwa mtamu?"

Macho yakainama, yakainuka, kope zikafumbwa kwa nguvu. *Hapana*. Na mama alipofumbua akamtazama Ndahani kwa jicho ambalo lingemkausha kuku.

"Huyu umemzaa wewe?"

Macho yakainama. Yakainuka. Nyusi zikapanda. *Ndiyo*.

"Unajuta?"

*Hapana*, na safari hii mdomo wa mama, upande ule uliokuwa bado unaweza, ulisogea kidogo. Sista Editha hakuziba mdomo tena. Alicheka waziwazi.

Ndahani akainuka, akapangusa goti. "Mtani ametoka kaburini," akasema. "Muulizeni."

*

Ridhaa ikasoma yenyewe, kwa sauti ya taratibu. Ikasema daraja ni kitu gani. Ikasema anaweza kurudi anaongea. Ikasema anaweza kurudi amesahau watu wake, na anaweza asirudi. Ikauliza, "Skolastika, umekubali?"

Macho ya mama yakainama. Yalikaa huko chini muda mrefu. Nilisikia kofia ya mjomba inavyosokotwa mikononi mwake. Kisha macho yakainuka, yakatafuta dirisha, yakarudi, na nyusi zikapanda juu, zikabaki hukohuko.

Kiganja changu kikaandika *Ndiyo*.

Ukuta ulikuwa bado mtupu. Kufuli ya majaribio ilikuwa mkononi mwangu. Mjomba alikuwa upande wa miguu na hakuweza kuuona uso wa mama vizuri, daktari alikuwa anautazama ukuta, na sista alikuwa anamtazama daktari. Waliokuwa wanajua ni mimi, mama, na Ndahani aliyekuwa amesimama begani kwangu.

Ningeweza kusema mashine imeharibika tena. Mjomba mwenyewe alikuwa ameshawaonyesha wote kwamba inaharibika, na nani angebisha? Upasuaji ungeahirishwa, na mama angeendelea kuwa wangu, kimya, karibu na dirisha, ananijua jina. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka kufunga kile kiganja. Nilikuwa nimeimba asubuhi nzima kuhusu haki ya mama kujibu, na nikagundua kwamba nilichokuwa napigania ni haki yake ya kujibu kama mimi.

Nikamgeukia Ndahani. Nilitegemea atanitukana, na angenitukana ningepata nafuu. Yeye alikuwa anamtazama mama.

Mama alikuwa ananitazama. Nyusi hazikuwa zimeshuka.

Nikaiachilia. *Ndiyo* ikawaka ukutani, na muhuri ukakaa chini yake.

Mjomba Kastori akaketi kwa kishindo, akajifuta uso kwa kofia. "Nilisema mimi," akasema, sauti inakatika. "Nilisema. Dada yangu namjua. Mimi ndiye mlezi wake, na nitabaki—"

Lakini Ridhaa haikuwa imemaliza. Ndivyo ilivyoandikwa tangu zamani, ila hakuna aliyewahi kuisikia ikifika hapo. Mtu aliyeweza kujibu mwenyewe lazima aulizwe kuhusu mlezi.

"Skolastika," ikasema, "sasa unajibu mwenyewe. Unataka Kastori aendelee kuwa mlezi wako?"

Macho chini, macho juu, kope zikafumbwa. *Hapana*.

Kofia ikamdondoka mjomba. Nami, mjinga mimi, moyo ukaniruka kwa furaha. Nikasogea, nikamshika mama mkono.

"Niwe mimi basi, mama? Niandike mimi?"

Aliinamisha macho. Yalipoinuka yalikuwa na maji, lakini hayakusita. Kope zikafumbwa kwa nguvu zilezile alizomfumbia Ndahani kuhusu mbwa. *Hapana*.

Iliuma. Sitadanganya kwamba haikuuma. Mimi na mjomba tukatazamana juu ya kitanda, walezi wawili waliofukuzwa kazi siku moja, na yeye ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kidogo chenye kwikwi. Nikamfuata. Nilikuwa nalia, nacheka, na ndani ya yote hayo kuna kitu kilikuwa kinaruka kama ndama aliyefunguliwa, maana kazi yetu ilikuwa inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi kuliko nilivyotaka.

"Vaileth," Ndahani akasema. Sijui lini aliwahi kuniita jina langu hivyo, bila kulitia chumvi. "Mtoto uliyemzaa amekukatalia wewe mwenyewe, mbele ya watu."

"Nimeona."

"Basi nimeikubali. Ifungulie nchi."

Akagonga muhuri wake wa mtani kwenye kiganja changu, nami nikaling'oa misumari lile sanduku la mwisho. Toleo jipya likaondoka kwenda kwenye kila utando nchini. Nilimwazia bubu wa Makete, mzee aliyepooza Tunduru, mtoto asiyetembea wala kusema kule nisikokujua, na watu wao wanaowapenda na kuwajibia kila kitu. Nikawaonea huruma wote, na nikashindwa kutulia mahali pamoja kwa furaha.

Sista Editha alikuwa ameshafungua breki za kitanda. Daktari, ambaye tangu tuingie alikuwa anaongea na mjomba au na mimi, akainama sasa mbele ya mama. "Twende, mama?" akamuuliza, na alisubiri mpaka akajibiwa. Kitanda kikaanza kusogea. Miguu yangu ilitaka kukifuata, nikaizuia.

"Mama," nikasema. "Nikusindikize?"

Sista akasimama. Mama akainamisha macho, na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikakaa kimya mpaka alipomaliza. Nyusi zikapanda.

Nikaushika mkono wake, tukaondoka.